Citroën 5HP: gari la bei nafuu lililobaki kuwa gari kamili

Citroën 5HP nililopanda ni mali ya mzee mmoja anayekusanya magari ya kale nchini Ufaransa, ambaye aliniruhusu kukaa kando yake kwa muda wa nusu saa na, mwishoni, kushika usukani kwenye uwanja mtupu. Sikulinunua wala sikulitunza mwenyewe, kwa hiyo maoni haya ni ya abiria aliyependezwa, na si ya fundi.

Gari hili lilioneshwa mjini Paris mwaka 1921, likaanza kuuzwa mwaka uliofuata. Namba 5 katika jina lake haielezi nguvu halisi ya injini, ambayo ni ya farasi 11, bali kipimo kilichotumiwa na serikali ya Ufaransa kutoza kodi, na kodi ndogo ilikuwa sehemu muhimu ya unafuu wake. Katika miaka ile, mtu wa kipato cha kawaida aliyechoka na baiskeli au farasi aliuziwa vigari vyepesi ambavyo vingi vilikuwa nusu gari, nusu pikipiki, vyenye injini ya silinda moja au mbili na wakati mwingine mkanda mahali pa gia. André Citroën alichagua njia nyingine: alipunguza ukubwa wa gari, lakini hakuondoa kile kinacholifanya liwe gari. Injini ina ujazo wa sentimita za ujazo 856 tu, ila ni ya silinda nne. Gia ni tatu na ya kurudi nyuma. Taa ni za umeme, na selfu ya kuwashia ilikuja na gari kutoka kiwandani.

Selfu hiyo ndiyo ninayoipa alama za juu kabisa. Magari mengi ya bei ya chini yaliwashwa kwa kupiga hendeli, kazi iliyotaka misuli na iliyoweza kumvunja mtu mkono injini inaporudisha teke. Mzee alikanyaga mara moja, injini ikaitika, tukaondoka. Si ajabu kwamba matangazo ya kampuni yaliwalenga wanawake waziwazi.

Mengi ya magari ya mwanzo yalipakwa rangi ya manjano, na Wafaransa wakayaita limau dogo, yaani "petite citron" kwa lugha yao, utani uliolipata sawasawa jina la mwenye kampuni, Citroën, kwani ukoo wake, wenye asili ya Uholanzi, uliwahi kuuza malimau. Nililopanda mimi ni la aina ya Trèfle, yenye viti vitatu: viwili mbele na kimoja nyuma katikati, mahali ambapo mtu mzima hukaa miguu yake ikiwa imebanwa kati ya viti vya wenzake. Kwa safari fupi panavumilika. Zaidi ya hapo pawekwe mtoto au kapu la sokoni.

Kuhusu uimara, ushahidi mzuri kuliko wangu ulitolewa mwaka 1925, pale mhubiri kijana Nevill Westwood alipoizunguka Australia yote kwa 5HP lililokwisha kutumika, akawa mtu wa kwanza kukamilisha safari hiyo kwa gari. Wajerumani nao walitoa sifa kwa njia yao: gari dogo la Opel la mwaka 1924, lililopakwa rangi ya kijani na kupewa jina la utani la chura wa mitini, lilifanana nalo mno. Yalitengenezwa takriban magari 80,000 hadi mwaka 1926, kisha kampuni ikaliacha ili nguvu zake ziende kwenye modeli kubwa zaidi, uamuzi ambao kwangu ulikuwa wa haraka, maana wateja wa gari dogo walikuwa bado wapo na Peugeot ilikuwa tayari kuwapokea.

Kasoro yake kubwa ni breki. Magurudumu ya mbele hayana breki kabisa. Pedali hubana ekseli inayotoka kwenye giaboksi, na mkono wa breki huyashika magurudumu ya nyuma. Mwendo wa juu ni kilomita 60 kwa saa, na kwenye mteremko wa kutoka kijijini mzee aliingiza gia ya pili na kuanza kuvuta mkono ule tulipokuwa bado mbali sana na makutano, huku akiendelea kunisimulia habari za karbureta bila wasiwasi wowote.