Ofisi ya kutafuta jamaa waliopotelea Marekani, Kisumu: lipia kikao, acha kifurushi

Mwezi wa Machi niliilipa ofisi moja ndogo ya hapa Kisumu shilingi 18,500 ili initafutie jamaa za nyanya yangu walioko Marekani. Jina la ofisi sitalitaja, kwa kuwa nina malalamiko juu yake na wenyewe ni vijana wawili tu wanaoanza biashara, mwanamke anayewahoji wazee na mwanamume anayekaa na kompyuta. Nawapa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za yule mwanamke.

Kaka wa nyanya aliondoka Seme kwenda kusoma Marekani katika ule mpango wa mwanasiasa Tom Mboya wa kuwasafirisha wanafunzi kwa ndege, ambao nyumbani mpaka leo huitwa ndege ya Mboya. Barua zake zilikuja hadi mwaka wa 1969, mwaka ambao Mboya mwenyewe aliuawa Nairobi, kisha zikakatika. Nyanya sasa ana miaka 81 na hakuwa akitafuta msaada wa mtu; alichotaka kujua ni kama kaka yake alizikwa, na ni nani aliyemzika.

Kifurushi nilichouziwa kilikuwa na mambo matatu: kikao na mzee wa familia, upekuzi wa kumbukumbu za Marekani, na kipimo cha DNA. Kikao kilikuwa kazi ya mtu anayejua anachokifanya. Yule mwanamke alipanda matatu hadi Kombewa, akachukua bodaboda mpaka kwetu, akaketi na nyanya chini ya mwembe kwa saa tatu wakizungumza Kijaluo, huku simu ikirekodi baada ya nyanya kuombwa ruhusa. Hakumuuliza mwaka hata mara moja. Alimuuliza, "Nyanya, siku anaondoka, baba yenu alikuwa bado hai?" Nyanya akajibu kwamba baba yao alizikwa mwanzoni mwa mwaka uleule, na kaka ndiye aliyesimama kaburini kwa niaba ya watoto. Kwa kuwa kaburi lina msalaba ulioandikwa 1960, jibu hilo moja lilituondolea ile safari ya kwanza ya Septemba 1959 iliyobeba wanafunzi 81, ambayo sisi sote tulikuwa tumeishikilia kwa miaka mingi kwa sababu ndiyo inayosimuliwa zaidi.

Kisha akaingia kwenye majina, na hapo ndipo nilipoona thamani ya pesa zangu. Mjaluo wa kizazi kile alikuwa na jina la wakati wa kuzaliwa, kama Otieno kwa aliyezaliwa usiku au Odhiambo kwa wa jioni. Pengine jina la marehemu aliyetokea ndotoni akidai mtoto aitwe kwake. Jina la ubatizo. Na jina la baba, ambalo shuleni mwingine alilitumia na mwingine hakulitumia. Ndugu wawili wa tumbo moja waliweza kumaliza shule wakiwa na majina ya mwisho tofauti kabisa. Marekani nako jina la mwisho hugeuka kuwa la ukoo na kurithiwa na watoto na wajukuu, kwa hiyo wapo watu huko leo ambao jina la familia yao linasema tu kwamba babu alizaliwa jioni. Mwanamke huyo aliuliza mwalimu alimwitaje, mama yake alimwitaje, padre aliandika nini, na barua zilitiwa sahihi gani. Tukatoka na majina manne, kila moja likiwa na tahajia mbili au tatu.

Upekuzi wa kumbukumbu ulinikasirisha. Nilipewa ripoti ya kurasa 11, saba kati yake zikieleza jinsi walivyomtafuta katika sensa ya Marekani ya mwaka wa 1950 na katika orodha za abiria waliofika New York, na jinsi ambavyo hawakumpata. Wangempataje? Sensa za Marekani hufungwa kwa miaka 72. Ile ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022, na mwaka huo wa 1950 mtu wetu alikuwa mvulana anayechunga mbuzi Seme. Ya 1960 ilihesabu watu kufikia tarehe 1 Aprili, naye alisafiri Septemba ya mwaka huohuo. Sensa ya kwanza inayoweza kuwa naye ni ya 1970, ambayo itafunguliwa 2042. Orodha za New York walizozipekua nazo zinaishia 1957. Hayo yote yalijulikana tangu siku ya kikao, tena kwa kazi ya ofisi hiyohiyo, lakini inaelekea mtu wa kompyuta hakusoma alichoandika mwenzake.

Nilichukua yale majina manne nikaenda nayo saiba jioni mbili. FamilySearch, huduma ya mtandaoni ya kumbukumbu za ukoo ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho lenye makao yake Salt Lake City, haitozi chochote. Unafungua akaunti na kuanza kutafuta. Hazina ya Internet Archive nayo ni ya bure, na ina vitabu vingi vya mwaka vya vyuo vya Marekani, vile vyenye picha za wanafunzi. Katika kimoja cha mwaka wa 1963 nilimkuta amevaa tai, jina lake la tatu likiwa limeandikwa kwa tahajia ambayo nyanya alikuwa ameitamka na mwanamke yule akaiandika kando. Kwa jina hilo na mji wa chuo nikafika kwenye tangazo la kifo chake, la mwaka wa 1998. Wamarekani huwa na desturi nzuri ya kutaja katika matangazo hayo watoto na wajukuu walioachwa, na mara nyingi miji wanamoishi. Saiba ilinigharimu shilingi 240.

Kipimo cha DNA kilitolewa kwangu mimi, na hilo lilikuwa kosa. Mjukuu wa kaka huyo ni binamu yangu wa daraja la pili, na watu wa namna hiyo huchangia takriban asilimia 3 tu ya vinasaba. Nyanya na mtoto wa kaka yake wangechangia kama robo. Mate yaliyostahili kutumwa yalikuwa ya nyanya, na hata hivyo yasingefaa kitu kama hakuna yeyote upande wa pili aliyewahi kujipima. Ofisi ilijitetea kwamba fomu ya idhini iko kwa Kiingereza, nyanya hakisomi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu akubali jambo analolielewa. Sababu hiyo naiheshimu. Ila ningeambiwa kabla ya kulipa, wala si baada ya wiki saba za kusubiri karatasi tupu.

Nilipolalamika walinirudishia shilingi 5,000 kwa M-Pesa bila mabishano, na yule mwanamke akanisaidia kumwandikia barua binti aliyetajwa kwenye tangazo. Alisisitiza tusiguse habari za pesa wala ardhi, na tutie picha ya boma pamoja na nakala ya barua ya mwisho ya 1969 ili aione sahihi ya baba yake. Jibu lilifika baada ya wiki tano, na nyanya ameshaambiwa kaburi liko wapi na ni nani aliyetupa udongo wa kwanza.

Kikao chaweza kulipiwa peke yake ukikiomba, ingawa hakimo kwenye orodha ya bei iliyobandikwa mlangoni. Ni shilingi 4,500, na nauli ya bodaboda ni juu yako.