Vitabu vinne vya Bondeni, na kimoja kilichonichelewesha Alasiri

Juni mwaka jana nilinunua vitabu vinne kwenye meza ya vitabu Bondeni, hapa Arusha: cha fiqhi (sheria za ibada), cha namna ya kuswali, cha tasawufi (elimu ya kusafisha moyo) na cha historia ya Uislamu pwani. Vyote shilingi 46,000, baada ya kuvutana kidogo na muuzaji.

Nianze na cha swala, maana ndicho kilichonivutia kwa jalada la kijani na michoro ya kila hatua, kuanzia takbira hadi salamu. Kimefasiriwa kutoka Kiurdu, na Kiswahili chake ni kizuri. Mle ndani nikasoma kwamba Alasiri inaingia kivuli cha kitu kikifika mara mbili ya urefu wake, ukiondoa kile kivuli cha jua la utosi. Msikitini kwetu Ngarenaro adhana hupigwa karibu saa nzima kabla ya hapo. Basi nikajiona nimeelimika kuliko imamu. Wiki mbili nzima nikawa naswali Alasiri peke yangu nyumbani, wenzangu wameshatoka zamani. (Na kivuli chenyewe Arusha mwezi wa saba utakipata wapi, wingu limeziba tangu asubuhi! Nilikuwa nakisia tu.)

Mzee akaniuliza, "Mwanangu, siku hizi una msikiti wako?" Nikampa kitabu. Akaenda moja kwa moja kwenye witri, ile swala ya usiku baada ya Isha, akakuta imeandikwa ni wajibu. Akatafuta kunuti, ile dua ya kusimama, ya Alfajiri, hakuiona. Akanirudishia. "Hiki cha Kihanafi. Hakina ubaya, ila sisi Mashafi."

Ndivyo ilivyo. Kwa Imamu Abu Hanifa witri ni wajibu na kunuti husomwa humo; kwa Imamu Shafii witri ni sunna, na kunuti ya kila siku iko Alfajiri. Ule wakati wa Alasiri nao ni wa Kihanafi, kwa hiyo kitabu hakikukosea kitu. Niliyemlaumu ni mchapishaji, maana si jaladani si kwenye dibaji, hakuandika popote kuwa haya ni ya madhehebu fulani. Siku hizi kabla sijatoa hela nafungua kwanza mlango wa witri.

Cha fiqhi ni kidogo, cha Kishafii, Kiarabu juu na Kiswahili chini, irabu zote zipo. Kinamfaa aliyeacha madrasa utotoni akasahau. Gundi yake tu ni ya kubabaisha: kurasa za udhu zimeng'oka zote, nazibana kwa klipu.

Cha historia ndicho kilichonieleza kwa nini mzee anasema "sisi Mashafi" kana kwamba ni ukoo. Kinafuata majahazi ya Hadhramaut, kule Yemeni, kinasimama Kizimkazi, Unguja, kwenye maandishi ya kibla ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, kisha kinafika Kilwa pamoja na msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, ambaye aliandika kwamba watu wa huko ni wa madhehebu ya Shafii. Nilikisoma kwa siku tatu. Kasoro yake kubwa ni kutusahau sisi wa bara. Misafara iliyopanda kutoka Pangani hadi Uchagani imepewa ukurasa mmoja na nusu, na Arusha haimo kabisa.

Kile cha tasawufi sijakimaliza, na sina haraka. Ni mafungu kutoka kwa Ghazali, yule mwalimu wa Baghdad ambaye mwaka 1095 ulimi ulimgomea darasani akaacha cheo akaondoka. Mfasiri ameacha ria (kufanya ibada ili uonekane), ujubu na zuhudi (kutoipapatikia dunia) bila kuzifafanua, kwa hiyo uwe na mtu wa kumuuliza. Nasoma ukurasa mmoja baada ya Isha. Fungu la ujubu, la mtu kujiona kwa elimu yake, nilifika wiki ileile ya Alasiri zangu za peke yangu. Nilifunga kitabu, nikanywa maji, nikakifungua tena.

Ni juzuu ya kwanza tu hiyo. Nilirudi kuulizia ya pili, muuzaji akaniambia, "Ijumaa, shekhe, inakuja na basi la Dar." Ijumaa tatu zimepita, na kila nikitoka msikitini nachungulia ile meza.