Mapitio ya Ajira Portal kwa Mhitimu Anayeanza Safari

Kwa mhitimu wa chuo nchini Tanzania ambaye hana ndugu ofisini wala mtaji wa kufungua duka, mlango wa kwanza wa kubisha hodi ni Ajira Portal, yaani mfumo wa kielektroniki wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, unaopatikana kwa anuani ya portal.ajira.go.tz. Nimeutumia tangu nilipomaliza shahada ya ununuzi na ugavi, nimeitwa kwenye usaili zaidi ya mara moja, na nimekaa na wadogo zangu wa chuo kuwasaidia kufungua akaunti zao. Nimeona vijana wenye ufaulu mzuri wakikosa hata kuitwa kwenye usaili, na sababu haikuwa mtihani, kwa maana hawakufika kwenye mtihani. Walianza kutafuta nyaraka siku tangazo lilipotoka.

Sekretarieti hii iliundwa chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002, kama ilivyorekebishwa na Sheria Na. 18 ya mwaka 2007, na kazi yake kubwa ni kuendesha mchakato wa ajira kwa niaba ya waajiri wa umma. Kwa mwombaji, maana yake ni kwamba akaunti moja inamtosha kuomba kazi ya wizara, ya wakala wa serikali, ya chuo cha umma au ya halmashauri iliyo mbali na kwao, bila kuzunguka na bahasha za kaki kutoka ofisi hadi ofisi kama walivyofanya kaka na dada zetu. Kijana aliyeko Kibondo anaona tangazo lile lile, saa ile ile, na yule anayeishi Mikocheni. Hilo pekee linatosha kuufanya mfumo huu uheshimiwe. Kuomba kazi humo ni bure, kwa hiyo mtu yeyote anayepiga simu akitaka hela ili "jina lipite" ni tapeli, hata kama anaijua namba yako ya usaili na anataja majina ya wakubwa.

Ubora wa huduma utakayoipata, hata hivyo, unategemea sana ulivyojiandaa kabla ya kuingia. Mfumo unataka namba ya Kitambulisho cha Taifa inayotolewa na NIDA, na mhitimu ambaye hajaipata anasimama mlangoni. Baada ya hapo huja cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha chuo pamoja na transkripti, picha ndogo, wasifu unaojitosheleza wenye namba za simu zinazopatikana, na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Matangazo husisitiza kwamba hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita, pamoja na matokeo ya muda ya chuo, hazikubaliwi, na hapa ndipo wahitimu wapya wanapoumia zaidi. Mwanafunzi humaliza mitihani katikati ya mwaka, mahafali huwa mwishoni mwa mwaka, na cheti chenyewe kinaweza kuchelewa zaidi ya hapo. Katika miezi hiyo yote anatembea na karatasi ya matokeo ya muda, ambayo mfumo hauitambui. Namshauri mhitimu yeyote aulize ofisi ya mitihani ya chuo chake mapema kuhusu tarehe ya vyeti, akamilishe fomu ya kutodaiwa bila kuchelewa, na siku vyeti vitakapotoka avipeleke kwa wakili kuthibitishwa nakala kabla hajarudi nyumbani.

Jambo la pili ambalo limewaumiza wengi ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinaweza kuwa na majina mawili wakati cha kuzaliwa kina matatu, au kimoja kimeandikwa Zainab na kingine Zainabu. Chuoni hakuna aliyejali, lakini siku ya usaili msailiwa ambaye majina yake yanatofautiana hutakiwa kuwasilisha hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hati hiyo haipatikani kwa siku moja. Weka vyeti vyako vyote mezani leo, usome majina herufi kwa herufi, kisha uyalinganishe na yaliyoko NIDA. Kazi hiyo haimalizi nusu saa.

Kuhusu kufungua akaunti, nina neno kwa wanaotegemea steshenari. Nilipojisajili kwa mara ya kwanza sikuwa na kompyuta, hivyo nikaenda kwenye steshenari moja jirani na stendi, na kijana aliyenihudumia akatumia baruapepe ya duka lao kwa madai kwamba ingerahisisha kazi. Miezi michache baadaye nilisahau nywila, nikarudi pale nikakuta duka limehama na hakuna aliyejua lilikohamia, na kila ujumbe wa kubadilisha nywila ulikuwa ukienda kwenye baruapepe nisiyoweza kuifungua. Niliumia sana, kwa sababu tangazo la taaluma yangu lilikuwa wazi wakati huo na nililitazama mpaka likafungwa. Tumia steshenari kwa kuskani na kuchapa, lakini baruapepe iwe yako, nywila uiandike mwenyewe, na kabla ya kuondoka fungua kila kiambatisho uhakikishe kwamba kinasomeka na kwamba ni chako. Nimewahi kumkuta mdogo wangu mmoja akiwa ameambatishiwa transkripti iliyoskaniwa ukurasa mmoja tu kati ya miwili.

Tangazo likitoka, kwa kawaida waombaji hupewa muda wa wiki mbili hivi. Aliyekwisha kujaza taarifa zake zote hubakiwa na kazi ndogo: kusoma masharti, kuandika barua ya maombi, kuisaini kwa mkono, kuiskani na kuituma. Barua huelekezwa kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma, na inapaswa kutaja cheo kama kilivyoandikwa kwenye tangazo. Barua isiyo na saini ni sawa na kutoomba. Nashauri kila ombi liandikiwe barua yake, kwa kuwa wapo wanaobadilisha jina la cheo juu na kusahau la zamani katika aya ya mwisho.

Kwenye tangazo, mhitimu mpya atafute maneno "Daraja la II". Hapo ndipo mwenye shahada anapoingilia katika kada nyingi, yaani fani nyingi za utumishi, na jambo la kutia moyo ni kwamba sifa zinazotajwa kwa daraja hilo huwa ni elimu pamoja na usajili wa kitaaluma pale unapohitajika, si miaka mitano ya uzoefu kama inavyodaiwa kwenye matangazo mengi ya kampuni binafsi. Sharti la usajili lisidharauliwe. Kwa taaluma yangu, Afisa Ugavi anatakiwa awe amesajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, na nimewaona wenzangu wenye ufaulu wa daraja la kwanza wakiachwa nyuma na wenye ufaulu wa kawaida waliokuwa na cheti cha bodi mkononi. Wauguzi, wafamasia na wahandisi nao wana mabaraza na bodi zao. Usajili huo una ada yake, na kwa maoni yangu ndiyo matumizi bora kuliko yote ya fedha ya kwanza utakayoipata baada ya chuo.

Majina ya walioitwa kwenye usaili hutangazwa kwenye tovuti ya Sekretarieti, na ambaye hakuitwa anaweza kuingia kwenye akaunti yake akaona hali ya ombi lake na sababu. Kwangu mimi huu ndio uzuri mkubwa wa mfumo. Kampuni nyingi hazijibu kabisa, na mwombaji hukaa miezi akijiuliza alikosea wapi. Humu unaambiwa, na ukiambiwa kwamba kiambatisho fulani kilikosekana unakirekebisha kabla ya tangazo linalofuata. Nasikitika ninapokutana na mtu aliyeomba mara tano bila kuitwa na ambaye hajawahi kurudi kwenye akaunti yake kusoma sababu.

Usaili wenyewe huanza na mchujo, ambao ni mtihani wa kuandika, kisha wa vitendo kwa kada zinazohitaji, na hatimaye mahojiano ya ana kwa ana. Mchujo ndio unaopunguza watu, na madaftari ya chuo peke yake hayatoshi kuuvuka. Kwa sisi wa ununuzi, kwa mfano, aliyesoma chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 anapaswa kujua kwamba sasa kuna Sheria Na. 10 ya mwaka 2023, na kwamba NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, umechukua nafasi ya ule wa zamani wa TANePS. Mimi nilijiandaa na wenzangu wanne, kila mmoja akisoma sehemu yake ya sheria na kuwafundisha wengine jioni, na kila mmoja akitunga maswali kumi ya kuchagua jibu. Njia hiyo ilinifaa kuliko vitini vya maswali vinavyouzwa kwenye makundi ya WhatsApp, ambavyo mara nyingi majibu yake hayana chanzo. Msailiwa asome pia majukumu ya cheo kama yalivyoorodheshwa kwenye tangazo, kwa sababu katika mahojiano ni aibu kuulizwa kazi za cheo ulichokiomba na kubaki kimya.

Siku ya usaili nenda na vyeti halisi, kitambulisho kinachokubalika na namba yako ya usaili uliyoinakili kutoka kwenye akaunti.

Udhaifu mkubwa ninaouona katika huduma hii ni gharama inayobebwa na msailiwa. Nauli, chakula na malazi ni juu yake, na hilo hutamkwa wazi kwenye tangazo la kuitwa. Usaili unapofanyika Dodoma, wa Dar es Salaam na Morogoro wamepata nafuu tangu treni ya SGR ianze kufika huko mwaka 2024, lakini anayetoka Newala au Karagwe bado anakesha kwenye basi na kuingia kwenye chumba cha mtihani akiwa na uchovu. Hatua ya kupeleka mchujo mikoani kwa baadhi ya kada ni ya haki kabisa, na ingefaa iwe ndiyo desturi kwa kada zote. Udhaifu wa pili ni kusubiri. Muda kati ya mahojiano na tangazo la kuitwa kazini hutofautiana, na aliyefaulu lakini nafasi zikawa chache huhifadhiwa kwenye kanzidata, ambako anaweza kupangiwa kituo baadaye au asipangiwe.

Kwa sababu hiyo, nausifu mfumo huu, lakini simshauri mtu autegemee peke yake. Unakuletea ajira za umma tu. Wakati nikisubiri nilijiandikisha BrighterMonday kwa ajili ya kampuni binafsi, nikafungua ukurasa wa LinkedIn ambao niliujaza kwa uaminifu, na nikaomba kujitolea kwenye kitengo cha ununuzi cha taasisi moja karibu na nyumbani. Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, nao huwaunganisha wahitimu na nafasi za mafunzo ya uzoefu kazini, na inafaa kuwauliza mapema. Kule kwenye kujitolea hakukuwa na mshahara, ila ndiko nilikogusa NeST kwa mikono yangu, na ndiko nilikompata mdhamini wa tatu ambaye kweli ananifahamu kikazi, badala ya kuendelea kuandika jina la jirani yetu.

Nikiulizwa nyota, naupa mfumo huu nne kati ya tano, na ile iliyobaki nimeizuia kwa ajili ya nauli. Aliye mwaka wa mwisho sasa hivi asisubiri mahafali: afungue akaunti wiki hii kwa baruapepe yake mwenyewe, aingize namba ya NIDA na vyeti vya sekondari alivyonavyo, na nafasi ya cheti cha chuo aiache wazi mpaka kitakapotoka.