Mikrismasi miwili niliyonunua, mmoja uliobaki

Desemba 2019 nilinunua miche miwili ya mkrismasi, ule mti wa kivuli wenye maua mekundu, kwenye kitalu cha kando ya barabara hapa Tabora. Mmoja ulinifika kifuani, bei shilingi 5,000. Wa pili haukuzidi rula ya shule, 1,500. Muuzaji alinivutia kwa ule mkubwa: "Mama, huu mwakani tu utakaa kivulini mwake." Nikaupakia kwenye bodaboda hadi nyumbani Ipuli, nimeukumbatia kama mtoto mgonjwa, nusu ya majani yakaishia njiani. Mdogo niliutia kwenye ndoo, basi.

Uliopo leo ni ule wa 1,500.

Sio kwamba mkubwa ulikufa upesi. Ulisimama, ukachipua, nikawa naringia majirani. Ila mwaka wa pili ukadumaa, na mwaka wa tatu upepo wa mvua za kwanza ukaulaza chini usiku mmoja. Asubuhi nilipoutazama shinani ndipo nikaelewa: mizizi ilikuwa imejizungusha duara, kwa umbo lile lile la kiriba, kile kifuko cha kitaluni, kama kamba iliyoviringwa ndani ya ndoo. Ulikaa kitaluni mno. Ilishazoea kuzunguka, ikaendelea kuzunguka hata ardhini, bila mzizi hata mmoja wa maana ulioshuka chini. Tangu hapo nikienda kununua mche wowote naanza kwa kuinua kiriba nitazame kitako chake. Mizizi ikiwa imetoboa na kujaa pale, naurudisha, hata muuzaji akinuna.

Mche mdogo nao ulinitesa kwa njia yake. Watu husema mkrismasi haufi. Ukishakua kweli ni mgumu, asili yake Madagaska, na kiangazi unakipita kwa kupukutisha majani tu. Lakini mche wa mwaka wa kwanza haujafika huko. Kwetu mvua zikikata Mei ni mpaka Novemba, na Septemba mchanga wa uani unaunguza nyayo. Nilichukua kidumu cha lita tano, nikatoboa kitako kwa msumari uliopashwa moto, tundu moja tu, nikakiweka jirani na shina na kukijaza kila baada ya siku tatu. Maji yanadondoka taratibu, yanazama. Nilifanya hivyo viangazi viwili, cha tatu nikauachia Mungu.

Kosa langu kubwa lilikuwa matandazo. Nilisoma mahali kwamba uweke majani makavu shinani ili unyevu usikauke, nikaweka mengi, nikasahau ninaishi Tabora. Wiki mbili baadaye nikakuta udongo mwekundu umepanda kwenye shina kama soksi. Mchwa! Nikakwangua kwa kijiti, nikaondoa majani yote, nikanyunyiza majivu ya jikoni kuzunguka shina na kuyarudia kila yalipopeperuka. Ganda lilikuwa limeshaliwa upande mmoja, na kovu lile lipo mpaka leo.

Ukachanua Novemba 2024. Sikutegemea, nilikuwa nimeshaambiwa ipo inayokaa hata miaka kumi. Ua lake ukilishika mkononi lina petali tano, nne nyekundu kabisa, ya tano imesimama peke yake, nyeupe yenye madoadoa mekundu na njano. Kwa mbali huioni hiyo ya tano, unaona moto tu juu ya ukuta. Mama mkwe, ambaye miaka yote aliniuliza kwa nini sikupanda mwembe kama watu wengine wa mji huu ("Sasa huo utatupa nini, mwanangu?"), ndiye siku hizi anayetandika mkeka pale chini akibangua karanga.

Naupa nyota nne kati ya tano. Moja nimeinyima kwa sababu ya vijani. Ni vidogo kama punje za mchele, vinapita kwenye wavu niliouweka, vinajaza gata, na mimi nakinga maji ya mvua. Kila kabla ya masika mtu apande juu ya bati, na tanki la kwanza namwaga. Mizizi nayo inatambaa juu juu: matofali ya njia ya kuingilia yameanza kuinuka, ilhali mti uko mita sita kutoka barazani. Ningeanza upya ningeuweka mita kumi, mbali zaidi na shimo la choo. Mwenye kiwanja kidogo anunue mti mwingine.

Mche sinunui tena. Maganda yake ya mbegu, marefu kama mkono, watoto huyatikisa kama manyanga, na yamejaa mbegu ngumu kama kokoto. Mbegu nazisugua ncha moja kwenye saruji mpaka weupe uonekane, naziloweka usiku kucha. Zilizovimba napanda, zisizovimba nasugua tena. Katika kumi za mwanzo ziliota nane. Mbuzi wa jirani akala tatu.