Uchambuzi: Rekoda ya Hikvision DS-7608NI-K2/8P na namna ya kuunganisha kamera zake bila kukwama

Karibuni, watazamaji. Mezani leo kuna rekoda ya kamera za ulinzi ya Hikvision, DS-7608NI-K2/8P. Hii ni NVR, yaani inapokea kamera za mtandao peke yake. Mwenye kamera za zamani za waya wa koaksio asiinunue, hana pa kuzichomeka.

Naigeuza muone mgongoni. Hapa zimepangana poti nane, ndizo za kamera. Kila poti inapeleka umeme na kuleta picha kwa waya uleule mmoja, mpango unaoitwa PoE. Pembeni, imejitenga, kuna poti ya tisa iliyoandikwa LAN. Hiyo ni ya kwenda kwenye rauta. Halafu kuna HDMI na VGA za skrini, USB ya kipanya, na umeme wa kawaida wa volti 100 hadi 240.

Sasa itazameni vizuri hiyo poti ya tisa, maana nusu ya simu ambazo mafundi hupigiwa baada ya kufunga zinatokana nayo. Ndani ya boksi hili kuna mitandao miwili. Poti ya LAN inaishi kwenye mtandao wa nyumbani kwako, tuseme 192.168.1.kitu. Poti nane za kamera zinaishi kwenye mtandao wao wa ndani, 192.168.254.kitu, na rekoda yenyewe ndiyo inayogawa anwani humo. Ukiwa na kompyuta kwenye rauta, kamera hizo huzioni moja kwa moja, unaiona rekoda tu. Watu hutafuta kamera mchana kutwa kwenye rauta, wakaamua zimeungua, kumbe ni nzima na zinarekodi. Ukitaka kuingia ndani ya kamera kwa kompyuta, washa "Virtual Host" kwenye mipangilio ya mtandao ya rekoda. Au chomeka kompyuta kwenye poti mojawapo ya kamera, uipe kwa mkono anwani kama 192.168.254.200.

Na usichomeke rauta kwenye poti za kamera. Hapo simu haitaiona rekoda, na anwani zitaanza kugongana.

Tuanze kufunga. Kabla ya umeme, fungua mfuniko uweke diski. Kuna nafasi mbili za diski, aina ya SATA, kila moja inapokea hadi terabaiti 6. Tumia diski zilizotengenezwa kwa kazi ya kamera, kama WD Purple au Seagate SkyHawk. Diski ya kompyuta ya kawaida haikuundwa kuandikwa usiku na mchana bila kupumzika. Ukishawasha, ingia kwenye ukurasa wa diski, uichague, ubonyeze "Init", yaani kuiandaa diski ianze kupokea rekodi. Hatua hii inasahaulika sana, na ubaya wake ni kwamba picha za moja kwa moja zitaonekana vizuri kabisa kwenye skrini, kila mtu ataridhika, lakini hakuna kinachohifadhiwa. Mwizi akishapita ndipo mnagundua.

Mara ya kwanza itakudai nywila ya herufi 8 hadi 16, yenye mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Iandike mahali salama. Itakuuliza pia kama unataka kuhifadhi faili la GUID kwenye flashi. Kubali. Siku nywila ikipotea, faili hilo ndilo litakalokurudisha ndani bila kubembeleza wakala.

Saa nayo irekebishe hapohapo. Rekoda hizi hutoka zimewekwa saa za China, GMT+8, na sisi Afrika Mashariki tuko GMT+3. Ukiacha hivyo, tukio la usiku utalitafuta kwenye saa isiyo yake. Na kumbukeni rekoda inahesabu kuanzia usiku wa manane: mlinzi akikwambia mtu aliruka ukuta saa mbili usiku, kwenye rekoda tafuta 20:00. Saa nane usiku ni 02:00. Likosee hilo mbele ya polisi uone watu watakavyohangaika.

Sasa waya, na hapa nitakaa kidogo. Kikomo ni mita 100 kutoka kwenye rekoda hadi kwenye kamera, vipande vyote vikijumlishwa. Chukua waya wa mtandao wa Cat5e au Cat6, wa shaba tupu. Sokoni zimejaa roli za alumini iliyopakwa shaba, kwenye boksi huandikwa CCA, na bei yake inavutia. Kwarua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini, iache. Ukinzani wake wa umeme ni takribani mara moja na nusu ya shaba, inakatika ukiikunja mara chache, na kwenye konekta inaota kutu haraka, hasa kwetu pwani penye hewa ya chumvi.

Dalili yake ni moja, ukiijua hutaisahau. Kamera inafanya kazi mchana kutwa. Ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni, inazima, inawaka, inazima tena, hadi asubuhi. Giza likiingia, taa za infraredi zinawaka, kamera inavuta umeme mwingi zaidi, na volti upande wa mbali wa waya inashuka. Kamera inakufa, inajiwasha upya, inawasha infraredi, inakufa tena. Watu hubadilisha kamera mara mbili wakati kosa liko kwenye waya au kwenye konekta iliyobanwa vibaya. Kuthibitisha, ishushe kamera hiyo, uilete mpaka kwenye rekoda, uichomeke kwa waya mfupi, kisha ifunike kwa kitambaa kizito ili idhani ni usiku. Ikitulia, waya ndio mbovu.

Konekta zibane kwa mpangilio wa T568B pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Nyuzi zote nane. Yapo mazoea ya kubana nne tu kwa sababu picha inahitaji nne, na kweli picha hupita, lakini kifaa kingine chaweza kupeleka umeme kwenye zile nne ulizoziacha. Na kabla hujabana konekta ya upande wa nje, pitisha kwanza waya kwenye ile kofia ya kuzuia maji iliyokuja na kamera. Ukishabana haipiti tena, na ndiyo maana kofia nyingi huachwa kwenye boksi na maji ya masika yanaingia.

Kuhusu umeme, poti zinafuata kanuni za PoE za 802.3af na 802.3at, na jumla ya poti zote nane ni wati 120. Gawanya utapata wati 15 kwa kila kamera. Kamera ya kawaida isiyozunguka hutumia wati 7 hivi ikiwa na infraredi, kwa hiyo nane zinatosha na chenji inabaki. Tabu ni zile za kuzunguka, PTZ. Moja yaweza kudai wati 20 na zaidi. Ukifunga tatu au nne za aina hiyo juu ya nyingine za kawaida, bajeti yaweza kwisha jioni zikiwaka taa zote kwa pamoja, na rekoda ikakata baadhi ya poti. PTZ ipe chanzo chake cha umeme.

Tunachomeka kamera. Kamera mpya ya Hikvision ambayo haijawahi kuamshwa ukiichomeka hapa, subiri dakika moja au mbili. Rekoda itaiamsha, itaipa anwani, itaiwekea nywila uliyoipanga kwa ajili ya kamera, na picha itatokea. Hakuna unachoandika. Kwa jambo hili naisifu bila kusita.

Kamera iliyotumika kwingine ni habari nyingine. Ina nywila yake ya zamani, rekoda inajaribu nywila yake yenyewe, inakataliwa, na kwenye skrini unaona kwamba jina au nywila si sahihi. Baya zaidi, ikijaribu mara nyingi, kamera inaifungia mlango kwa nusu saa, hivyo hata ukiandika nywila sahihi bado itakataa. Fanya hivi: ingia kwenye orodha ya kamera, badilisha chaneli yake, yaani nafasi yake kwenye rekoda, kutoka "Plug-and-Play" iwe "Manual", andika nywila ya kamera, kisha chomoa waya wake sekunde chache uurudishe. Kama nywila haijulikani kabisa, kamera nyingi zina kitufe cha kurejesha karibu na sehemu ya kadi ya kumbukumbu. Zima umeme, kibonyeze, washa huku umekishikilia, ushikilie kama sekunde 15.

Kamera za kampuni nyingine zinaingia kwa ONVIF, lugha ya pamoja ya kamera za mtandao iliyoanzishwa na Axis, Bosch na Sony mwaka 2008. Tuseme una Dahua, ambayo hutoka kiwandani na anwani 192.168.1.108. Usiichomeke ukatarajia ijitokeze yenyewe. Kwanza iunganishe na kompyuta, iwekee anwani ya mtandao wa ndani wa rekoda, kwa mfano 192.168.254.20, hakikisha ONVIF imewashwa na ina mtumiaji wake. Ndipo uichomeke, chaneli uiweke "Manual", itifaki uchague ONVIF. Nywila ikikataliwa na una uhakika nayo, angalia saa ya kamera. ONVIF inachanganya saa ndani ya uthibitisho wa nywila, na kamera yenye saa iliyopotea mbali itakataa nywila sahihi. Hili linawatesa hata mafundi wazoefu. Mjue pia kwamba kwa ONVIF utapata picha na kugundua mwendo, lakini vipengele vya akili vya kamera, kama kutoa taarifa mtu akivuka mstari uliouchora, mara nyingi haviji.

Je, kamera ya getini iliyo mita 150? Weka swichi ya PoE, kifaa kinachogawa mtandao pamoja na umeme wa kamera, katikati ya njia, au tumia daraja la Wi-Fi, na ulete mtandao huo kwenye rauta. Kisha chukua chaneli moja, iweke "Manual", andika anwani ya kamera hiyo ya mtandao wa nyumbani. Rekoda inaipokea kupitia poti ya LAN. Lakini chaneli ni nane tu, kwa hiyo poti ya chaneli uliyoichukua inabaki bila kazi.

Hesabu ya siku za kumbukumbu ifanyeni wenyewe kabla ya kununua diski. Kamera inayotuma megabiti 4 kwa sekunde inajaza gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nane ni gigabaiti 346. Diski ya terabaiti 4 inashika siku 11, siku ya 12 inaanza kufuta za zamani. Ukitumia H.265, namna mpya zaidi ya kubana video, ukashusha hadi megabiti 2, utapata siku 23, na kwa kamera ya megapikseli 4 inayotazama ua tulivu, picha bado inafaa. Getini na kaunta ya pesa usibane, kwa sababu huko unataka sura ya mtu na namba ya gari.

Kasoro ya rekoda hii ni kichakataji. Inapokea hadi megabiti 80 kwa sekunde, na kamera nane za 4K inazirekodi, ila kwenye skrini inafungua 4K mbili tu kwa wakati mmoja. Ukigawa skrini mara nane itatumia picha ndogo, ile ya mkondo wa pili. Rekodi haiathiriki. Mwenye kutaka kutazama 4K nyingi kwa pamoja atafute daraja la juu zaidi.

Kuiona kwa simu, chomeka LAN kwenye rauta, washa Hik-Connect, huduma ya Hikvision ya kutazama kwa simu, weka msimbo wako wa uthibitisho, kisha skani msimbo wa QR wa rekoda kwa simu. Usifungue poti 8000 kwenye rauta (hii si tundu la waya, ni namba ya mlango wa rekoda kwenye mtandao) iwe wazi kwa dunia nzima. Septemba 2021 Hikvision ilitangaza udhaifu, CVE-2021-36260, ulioruhusu mtu wa mbali kuiamuru kamera bila nywila, na ukapewa alama 9.8 kati ya 10. Marekebisho yalitolewa, lakini kamera iliyokaa kabatini tangu wakati huo haiyapati hadi uisasishe mwenyewe.

Umeme wetu unajulikana. Iweke rekoda kwenye UPS, yaani betri ya akiba, pamoja na rauta. Kamera zinalishwa na rekoda, kwa hiyo nazo zitabaki zinawaka, na diski itaepuka kukatika katikati ya kuandika.

Kwa nyumba, duka au shule ndogo yenye kamera nne hadi nane za megapikseli 4, naipendekeza. Mkifika dukani someni jina lote mpaka mwisho. Iliyoandikwa DS-7608NI-K2 bila 8P inafanana nayo usoni, lakini mgongoni haina zile poti nane, na itabidi mnunue swichi ya PoE kando.