Taka za nyuklia Buyende: zikae pale pale au zisafirishwe?

Kila mara mradi wa umeme wa nyuklia wa Buyende, Uganda, unapotajwa kijiweni hapa Jinja, ubishi ni ule ule. Mtambo ukijengwa karibu na Ziwa Kyoga, mafuta ya urani yaliyokwisha tumika yabaki huko au yapelekwe mbali?

Kwa gharama za mwanzo, kuyabakiza kunashinda. Fito za mafuta hayo hupozwa bwawani miaka kadhaa, kisha hufungiwa kwenye makasha ya chuma na zege yanayopozwa na hewa tu, bila pampu. Ila ulinzi haukomi: askari, ua, vipimo, mjukuu kwa kitukuu. Na majirani ni wavuvi.

Kuzika chini ni ghali mno kuanza, lakini shimo likishafungwa halidai mlinzi wa kila siku. Ufini imechimba Onkalo, hifadhi ya kuzikia taka hizo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba. Kasheshe ni njia na siasa. Kasha la kusafirishia likijaa huweza kupita tani 100. Nikiliwaza likipishana na malori ya miwa barabara ya Kamuli, jasho linanitoka. Na nani atalipokea? Marekani iliteua mlima wa Yucca Mountain, jimboni Nevada, kuzikia taka zake mwaka 1987, jimbo hilo likagoma, na hadi leo taka zimelala mitamboni.

Ukiwa na shamba Buyende, dai tarehe ya kuziondoa iandikwe kabla hujasaini fidia. Wewe mwenye duka kando ya barabara, huenda ukaombea zisitoke kabisa. Sikulaumu.