Zanzibar mara ya pili, sasa Nungwi: safari hii niliuliza habari za maji kwanza

Mimi ni mtu wa Mwanza. Nimekua nikilitazama ziwa kila siku, na ziwa letu lina adabu moja: ukiliacha jioni, asubuhi unalikuta palepale. Kwa hiyo tulipoenda Zanzibar mara ya kwanza, Juni mwaka juzi, sikuwaza hata kidogo kuuliza habari za maji. Nilichagua Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, kwa sababu ya picha. Picha ilikuwa ya kweli kabisa, ila naamini ilipigwa saa kumi jioni.

Sisi tulifika saa tano asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu, na bahari haikuwepo. Mbele ya hoteli palikuwa na mchanga mweupe, halafu vidimbwi, halafu mchanga tena, na mbali huko mstari mweupe wa mawimbi yakipasukia kwenye mwamba. Mwanangu wa miaka sita alisimama na boya lake kiunoni, akaniuliza nani kaikausha. Kina mama walikuwa wanarudi kutoka kwenye mashamba ya mwani, magunia kichwani, wakitembea mahali nilipotarajia kuogelea. Mmoja, mtu mzima, alipoona sura zetu alicheka: "Yatarudi hayo, mwanangu. Alasiri njooni mkoge."

Siisemi vibaya Jambiani. Ni patulivu, watu wake wakarimu, na wanaopenda kuteleza juu ya maji wakivutwa na yale matiara ya upepo wana Paje jirani tu. Kosa lilikuwa langu. Nilipanga likizo ya pwani kama mtu anayepanga kwenda Bwiru, kule kwetu ziwani.

Desemba iliyopita tukarudi, na kabla ya kutafuta hoteli nilifungua kalenda ya mwezi. Mume wangu akaniuliza kama nataka kupanda mahindi. Lakini ndivyo ilivyo: mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, linakuja bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na Unguja tofauti hiyo hufika hata mita 4. Siku hizo maji yanakauka kama saa nne au saa tano asubuhi, wakati uleule ambao watoto wameshavaa nguo za kuogelea na hawasikii la mtu. Wiki moja baadaye yanakuwa maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, na asubuhi unayakuta yamejaa. Kila siku saa zinasogea mbele kwa karibu dakika 50, kwa hiyo ukijua ya leo unaweza kukadiria ya keshokutwa.

Nungwi, huko kwenye ncha ya kaskazini, na Kendwa iliyo jirani yake, bahari haiendi mbali hivyo. Unaoga wakati wowote. Ndiyo maana hoteli zimebanana huko, na ndiyo maana bei zake za Desemba zinatia kizunguzungu. Upande huo pia ndiko kwenye shamrashamra. Kendwa kuna sherehe kubwa ya mwezi mpevu kila mwezi, kwenye mchanga, hadi usiku mkubwa. Kijana anayetaka kucheza apange wikiendi hiyo. Mimi nilikuwa na watoto wawili na mama mkwe, nikaikwepa makusudi.

Boti kutoka Dar ni kama saa mbili. Juni, kusi likivuma, tulitapika ukoo mzima, na wahudumu walipita wakigawa mifuko kwa utulivu wa mtu anayegawa magazeti. Desemba bahari ilikuwa shwari. Hata hivyo mama mkwe alitafuna tangawizi mbichi tangu gatini na hakuzungumza na mtu hadi tuliposhuka. Mdogo wangu na mumewe, ambaye ni Mjerumani, walitukuta huko. Kama una mgeni wa namna hiyo, mwambie mapema kwamba tangu Oktoba 2024 wageni kutoka nje wanalipia bima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama wana bima ya kwao. Shemeji alibishana kidogo, akalipa.

Kutoka bandarini hadi Nungwi tulilipa teksi 80,000, baada ya kuanzia 120,000. Daladala ya 116 inafika pia kwa pesa kidogo sana, ila si kwa masanduku manne na mama mkwe.

Sasa hoteli. Sitaitaja, kwa sababu nina la kuisifu na nina la kuilalamikia. La kusifu: nilipiga simu badala ya kulipia mtandaoni, nikasema sisi ni Watanzania, na bei ikashuka karibu theluthi. Ipo bei ya wakazi, lakini usipoiuliza hakuna atakayekutajia. Beba kitambulisho, wanakiangalia kweli. Vyumba visafi, wahudumu wachangamfu, kifungua kinywa cha kushibisha hadi alasiri. Chakula cha jioni kilikuwa tambi, na kesho yake tambi za rangi nyingine. Tukawa tunatoka kwenda kijijini kula pweza wa nazi na chapati, na hapo ndipo mama mkwe alianza kuipenda safari.

La kulalamikia ni muziki. Niliuliza kuhusu maji, mwezi, upepo na bei, nikasahau kuuliza nyuma ya ukuta wa chumba kuna nini. Kulikuwa na baa ya jirani. Spika ilikuwa inatikisa glasi ya maji kando ya kitanda, hadi saa nane usiku. Siku ya pili mama mkwe alitoka kibarazani amejifunga kanga, akasikiliza kidogo, akauliza, "Hivi hawa watoto hawana kwao?" Mapokezi wakasema hawana chumba kingine. Wangeweza kuniambia wakati ninaweka nafasi, maana si siri kwao.

Bahari yenyewe sina neno. Asubuhi inakuwa kama kioo cha kijani, unaona kivuli chako kwenye mchanga wa chini. Kitu kimoja tu: tulitembea kwa miguu ufukweni hadi Kendwa maji yakiwa yamepwa, tukakaa sana kwenye juisi ya ukwaju, na wakati wa kurudi bahari ilikuwa imeshafika kwenye miamba na njia hakuna. Mimi, mtaalamu wa kalenda! Tukarudi kwa barabara, miguu imejaa mchanga.

Usiondoke Nungwi bila kwenda kwa mafundi wa majahazi. Tulimkuta mzee mmoja anakalafati, anachomeka pamba kati ya mbao kwa patasi butu na nyundo, tak, tak, halafu anapitisha kidole kuhakikisha haijatokeza. Harufu ya sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka chombo, ilikuwa kali hadi mdogo wangu akaziba pua, naye mzee akasema papa hana manukato mengine. Watoto walikaa pale saa nzima, zaidi ya walivyokaa kwenye bwawa la hoteli. Mahali pengine walipopapenda ni Mnarani, kwenye kidimbwi cha kasa karibu na mnara wa taa. Maji yake nayo yanapanda na kushuka na bahari, na unawalisha kasa mwani kwa mkono.

Kuhusu mapapasi, wale vijana wanaowafuata wageni kuwauzia safari: yupo aliyechukua arbuni yangu ya 30,000 kwa safari ya kisiwa cha Mnemba, akaniita dada mara saba, na hadi leo simjui alipo. Mara ya pili nilikwenda moja kwa moja kwa nahodha, nikaona boti, nikahesabu maboya ya kujiokolea, na nikalipa tuliporudi. Samaki wa Mnemba ni wa ajabu. Kuwakimbiza pomboo kwa maboti zaidi ya kumi sikukufurahia, na nahodha wetu alipoona nimenuna aligeuza bila maneno. Na ukipita kijijini jistiri. Watu hawatakusema, ila utaona wanavyoangalia pembeni.

Tulipofika Mwanza, mtoto alisimama pale kwenye mawe ya ziwa akaniuliza maji yanapwa saa ngapi.

Nimeshawaandikia hoteli tena kwa ajili ya Desemba hii. Nimetaja tarehe, wiki moja baada ya mwezi mpevu, na nimeomba chumba cha mbali na ile baa. Wamejibu haraka na kwa heshima: kipo, bei ileile ya wakazi, ila kiko karibu na jenereta. Nimewauliza inawashwa saa ngapi. Bado nasubiri.